Basi la Madrasa: Kadi Isomwe Kabla ya Kuhesabu Viti

Kila jamaa ya msikiti katika nyanda hizi za Kigoma, kutoka Mtendeli hadi Kasulu, hutamani basi dogo lake: watoto wa vitongoji vya mbali wafike madrasa, akina mama waende darsa, maiti asindikizwe kwa heshima. Nia hiyo ni njema. Lakini fedha zake hutoka kwa wakulima wa maharage na mihogo, nazo ni amana.

Ndugu zetu wengi huitazama Toyota Hiace iliyotumika Japani. Gari hilo hutengenezwa kwa sura zaidi ya moja, ikiwemo ya abiria na ya mizigo. Ile ya mizigo mara nyingi ni nafuu, na fundi wa mtaani huweza kuichomelea viti ikaonekana basi kamili. Hapo ndipo tunapowaomba wanakamati wasimame kidogo. Sakafu ya gari la mizigo haikuandaliwa kushika viti vya watu kumi na wanne, wala mikanda yao. Gari likigonga, kiti hung'oka pamoja na mtoto aliyekikalia.

Gari lililotumika linaloingia nchini hukaguliwa na Shirika la Viwango (TBS) kwa kiwango cha TZS 698: breki, usukani, taa, matairi na mengineyo. Cheti hicho husema gari lilivyokuwa siku ya ukaguzi. Viti vilivyochomelewa baadaye hakivijui. Kisha Mamlaka ya Mapato (TRA) hulisajili na kutoa kadi, yenye aina ya gari na idadi ya viti. LATRA, iliyorithi kazi ya usafiri wa barabarani kutoka SUMATRA mwaka 2019, ndiyo hutoa leseni ya kubeba abiria. Kadi ikisema gari ni la mizigo, abiria kumi na wanne hawana pa kuandikwa, na kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa.

Wapo wanaoyaita haya urasimu. Sisi tunakumbuka tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, ambako basi dogo la shule lilitumbukia korongoni, wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Hatusemi viti ndivyo vilivyoleta msiba ule. Tunasema gari la watoto halistahili kukaguliwa kwa macho ya huruma.

Sheria yetu nayo haiko mbali. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Muuzaji anayejua kwamba gari lilikuwa la mizigo akanyamaza, ameficha kasoro, na mnunuzi ana khiyari ya kulirudisha. Ila kulirudisha gari Dar es Salaam kutoka Mtendeli ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na mafuta yake hayatoki kwa muuzaji.

Kamati yetu imekubaliana hivi: kadi isomwe kwanza, mkaguzi wa magari wa polisi alione gari, LATRA waulizwe kuhusu idadi ya viti. Malipo ya mwisho yatafuata baada ya hapo, mbele ya mashahidi wawili.