Ufunguo wa Kompyuta Uwe Mikononi Mwetu

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara baina ya Tabora na Ujiji. Wafanyabiashara wakatambua kwamba njia ina mwenyewe. Kaliua, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Urambo kabla ya kuwa wilaya kamili, leo inakabiliwa na swali la namna hiyo hiyo katika ofisi na shule zake: ni nani mwenye kuamua programu ipi ipite katika kompyuta za umma?

Kwa sasa, mahali pengi hupita yoyote. Flashi moja hutoka duka la kuchapia hadi ofisi ya elimu, ikibeba matokeo ya wanafunzi pamoja na virusi. Mei 2017 programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwamo, na wenye kuisambaza wakadai malipo. Kinga mojawapo yafahamika: mfumo endeshi uzuiwe kuendesha programu yoyote isiyoidhinishwa. Kinga hiyo twaiunga mkono.

Lakini kufunga mlango ni jambo moja, na kukabidhi ufunguo ni jambo jingine. Mwezi huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza Windows 10 S, mfumo unaokubali programu za duka la kampuni hiyo tu. Chini ya mfumo wa aina hiyo, programu ya ratiba iliyotungwa na kijana wa Tabora haina budi kungoja ridhaa ya Marekani.

Wala si kila kizuizi cha nyumbani ni chema. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali cha Wizara ya Fedha. Nia ilikuwa kuokoa fedha za umma. Hata hivyo marufuku hayo yalichelewesha utaalamu wetu.

Kwa hiyo, orodha ya programu halali isimamiwe na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na Sheria ya mwaka 2019. Afisa TEHAMA wa halmashauri awe na haki ya kuomba idhini, ajibiwe katika siku zilizowekwa, na akikataliwa aelezwe sababu. Pasipo utaratibu huo, watumishi watatafuta njia za panya, na kizuizi kitabaki katika waraka tu.