Mgeni Hana Fomu ya Fidia: Barua ya Wazi kutoka Msimbati

Mheshimiwa,

Jina la ofisi yako siliandiki hapa. Mhuri uliopigwa chini ya notisi ya kufunga barabara unamjua mwenyewe. Mimi ni mwenye mabanda ya wageni Msimbati, Mtwara, yale uliyonijibu kwa mistari mitatu kwamba "hayamo katika eneo lililoathiriwa."

Ni kweli, hayamo. Makuti yako juu ya paa, vitanda vimetandikwa, tanki limejaa maji. Anayekosekana ni mgeni. Mlifunga barabara ya ufukweni katikati ya kiangazi, msimu unaotulisha mwaka mzima, ili malori yenye mitambo ya kuchimba gesi yapite. Notisi ikabandikwa kwenye ofisi ya kijiji siku ile ile ya kufunga. Wageni wangu waligeuzwa kwenye kizuizi na mizigo yao, nami nikawarudishia fedha ambazo sehemu yake nilikwisha kununulia samaki na mafuta ya boti. Hasara hiyo ningeimeza. Biashara ina siku mbaya.

Ila mgeni aliyegeuzwa harudi, Mheshimiwa. Wala hanyamazi. Alimweleza wakala aliyemleta, wakala akaifuta Msimbati na kuwapeleka watu wake Kilwa na Mafia. Mlipoondoa kizuizi, mgeni hakurudi. Malori yalipokwisha kupita, mgeni hakurudi. Nimeshusha bei hadi naona haya kuitaja, na bado hakurudi.

Nilikuja kwenu kuomba fidia, nikaonyeshwa fomu. Nimeisoma yote. Mkorosho umo, mnazi umo, nyumba imo, hata kaburi limo. Mgeni hayumo. Nikaambiwa Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinamlipa anayehamishwa, hata faida ya biashara yake ya miezi 36. Kwa hiyo mngeng'oa mabanda yangu, ningelipwa. Mngechukua kiwanja, ningelipwa. Kwa bahati mbaya mmeniachia kila kitu, mkachukua watu waliokuwa wanakuja kukitumia.

Usinielewe kwamba naipinga gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na mimi si wa kuishangaa leo. Lakini Serikali hiyo hiyo, ikijua gesi ipo, mwaka 2000 ilitangaza hapa hapa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mgeni akifika hutozwa kiingilio cha hifadhi ili aone matumbawe na kasa. Sasa tuambiane ukweli: tumemwita aje alipe, au tumemwita aje apishe malori?

Wengine walioumia nawataja kwa ufupi, kwa kuwa nao fomu yenu haiwajui. Kina mama waliokuwa wakiniuzia pweza wanamuuzia mchuuzi kwa bei anayoitaka yeye. Kijana wa boti ameiuza mashine yake akaenda Dar es Salaam. Vumbi la malori silisemi.

Dar es Salaam, kwa kweli, ndiko kila kitu chetu kinakokwenda. Gesi inasafiri zaidi ya kilomita 500 ndani ya bomba bila kusimamishwa na kizuizi hata kimoja. Mgeni wangu, aliyetoka ng'ambo ya bahari, alishindwa kumaliza kilomita chache za mwisho.

Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipopaza sauti kuhusu gesi hii, mwezi Januari na tena mwezi Mei, nyumba zilichomwa na watu walikufa. Baada ya hapo tulituliza roho, tukangoja maendeleo. Nami nikaona njia ya mtu wa kawaida kufaidika bila kugombana na mtu ni kupokea wageni. Hotuba nazo zilinipa moyo: kila kiongozi anayeshuka Mtwara ana aya moja ya "kufungua utalii wa Kusini." Nauliza unafunguliwa lini, maana ninachokijua mimi ni kufungwa. Sijasikia lango la Serengeti likifungwa mwezi wa Agosti kwa notisi ya asubuhi ile ile. Kaskazini mgeni ni uchumi wa taifa. Huku kwetu mgeni ni mtu aliyesimama njiani.

Naomba mambo matatu. Kwanza, ratiba ya kazi za visima na ya malori itolewe kijijini kabla ya msimu, ili tunaopokea wageni tupange tarehe zetu. Pili, hasara ya biashara ihesabiwe hata kwa yule ambaye ardhi yake haikuguswa lakini njia ya kumfikia ilifungwa. Tatu, Halmashauri itubandikie ukutani mapato yake yanayotokana na gesi, na kiasi kilichorudi Msimbati. Mimi nilitakiwa kuleta risiti za samaki, kwa hiyo sioni kosa nami kuomba za kwenu.

Ikiwa jibu ni kwamba sheria haina nafasi ya mtu kama mimi, liandike hivyo hivyo, kwa barua yenye saini na mhuri. Nitaipeleka kwa mbunge na kumuuliza sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya nani.

Wako katika kujenga taifa,
Mwenye mabanda, Msimbati