Eropleni Iliyoondoka Agaimbo: Wenyeji Waliulizwa?



Ziko khabari za mbali ambazo mtu akizisikiliza vema huona kuwa zabisha mlangoni kwake. Mojawapo ni khabari ya gofu la eropleni ya vita lililolala katika kinamasi cha Agaimbo, nchi ya Papua Guinea Mpya, kwa muda wa miaka 64, kisha likaja kuchukuliwa. Wataalamu hujadiliana kama gofu la namna hiyo lafaa kuopolewa na kuhifadhiwa, au liachwe lilipo. Sisi twauliza na jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa: likiopolewa, ni kwa ruhusa ya nani, na litalazwa wapi?

Eropleni hiyo ilikuwa ya Marekani, ya aina ya B-17, yenye injini 4. Mwezi wa Februari 1942 iliruka kutoka Townsville, Australia, kwenda kuishambulia Rabaul iliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Katika kurudi mafuta yakawa haba, na rubani akaishusha kwa tumbo juu ya mahali alipopadhani kuwa ni uwanda wa majani. Kumbe majani yale yamesimama ndani ya maji. Watu wote 9 waliokuwamo wakatoka hai, wakahangaika kinamasini, wakashikwa na homa. Na waliowapokea na kuwaonyesha njia ni wenyeji wa pale. Jambo hili la wenyeji tulitie moyoni.

Gofu likasahauliwa hata mwaka 1972, lilipoonekana na wanajeshi wa anga wa Australia, likiwa lingali karibu zima. Wageni wakaliita Mzuka wa Kinamasi. Sababu ya uzima wake ni kuwa maji ya kinamasi ni matamu, hayana chumvi. Nasi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa chumvi hulifanya nini bati. Lakini kile ambacho chumvi haikukila, mikono ya watu ilikila. Baada ya kugunduliwa, wapenda kumbukumbu walichomoa vyombo vyake kimoja baada ya kimoja. Wasemao kwamba kuliacha gofu porini ni kulipoteza, katika hili wana hoja, wala hatuwapingi.

Mwaka 2006 Wamarekani fulani, kwa ruhusa ya Makumbusho ya Taifa ya nchi ile, walilifungua mabawa, wakaliinua kwa helikopta mpaka kwenye tishari, likapelekwa bandari ya Lae. Hapo ndipo ukazuka mzozo. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikataka kujua ruhusa ilitolewa vipi, na gofu likakaa Lae karibu miaka 4. Mwaka 2010 likapakiwa melini kwenda Marekani, na tangu 2013 limo katika makumbusho ya Pearl Harbor, Hawaii, ambako hutazamwa kwa kiingilio.

Watu watatuambia: si ilikuwa mali ya Wamarekani? Ndiyo, walikuja nayo. Lakini nchi ile inayo sheria ya tangu 1952 iliyoyaweka masalio ya vita mikononi mwa serikali. Na serikali, kwa fahamu zetu, ni wakili, haimiliki. Aliyeachiwa amana hana ruhusa ya kuiuza kwa kuwa tu mwenyewe yuko mbali na hana karani wa kumwandikia barua. Mtu wa Agaimbo atakaye leo kumwonyesha mwanawe eropleni ambayo watu wake waliwapokea hai, atapata wapi nauli ya kufika Hawaii?

Tazameni nao watu wa Wales walivyofanya. Mwaka 1942 eropleni nyingine ya Marekani, aina ya P-38, iliangukia ufukweni kwao karibu na Harlech, ikafukiwa na mchanga. Mwaka 2007 mchanga ukaondoka, gofu likaonekana, kisha likafunikwa tena. Hawakumpa mtu. Mwaka 2019 wakaliingiza katika orodha ya mambo ya kale yanayolindwa na sheria, lingali palepale chini ya mchanga. Mmarekani ndiye aliyeiunda na Mmarekani ndiye aliyeirusha, na bado Wales hawakuona kuwa hayo yawavunjia haki yao.

Amma kuopoa, nako kwaweza kufanywa kwa adabu. Waingereza waliikuta eropleni ya Kijerumani, Dornier 17, iliyopigwa tarehe 26 Agosti 1940 na kuzama kwenye fungu la Goodwin Sands, pwani ya Kent. Mfuko wao wa kumbukumbu za taifa ukatoa zaidi ya pauni 345,000, na ikainuliwa tarehe 10 Juni 2013. Lakini kabla haijatoka majini, huko Cosford zilikwisha kutayarishwa nyumba za kuinyunyizia maji yenye asidi ya ndimu, mchana na usiku, ili chumvi itoke polepole ndani ya aluminiamu. Bila ya hivyo chuma kilichokaa baharini miaka 70, kikikauka, hubanduka ngozi na kuwa unga. Kuinua ni kazi ya siku moja. Kuhifadhi ni kazi ya miaka. Mwenye duka hajui bei ya kununulia tu, ajua na kodi ya ghala.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Pasipo na nyumba, fundi na fedha ya kudumu, gofu liachwe lilipo na lilindwe. Hata mapatano ya UNESCO ya 2001 juu ya mali ya kale iliyo chini ya maji yasema kuacha kitu mahali pake ndiko kufikiriwe kwanza. Lakini yahusu vitu vilivyokaa majini miaka 100, na eropleni za vita vya 1939 mpaka 1945 bado hazijafika umri huo. Wanaozitaka wanalijua hilo. Na penye mifupa ya watu, pasiguswe ila kwa sababu kubwa.

Haya si ya Agaimbo peke yake. Meli ya Glasgow ya Sultani, iliyozamishwa katika bandari ya Unguja tarehe 27 Agosti 1896, ilibaki na milingoti yake juu ya maji hata mwaka 1912 ilipovunjwa na kuwa chuma chakavu. Manowari Pegasus ilipigwa mbele ya mji huohuo tarehe 20 Septemba 1914, na leo atakaye kuuona mzinga wake hana budi kuvuka mpaka Ngome ya Yesu, Mombasa. Hatuna ugomvi na Mombasa, wameutunza vizuri.

Twataka, siku itakapoletwa hati ya kuopoa chochote katika bahari yetu, iwe eropleni au meli, isomwe hadharani kwa Kiswahili kabla ya kutiwa sahihi. Waulizwe watu wa pwani ya mahali hapo, na wavuvi wawe wa kwanza. Na humo iandikwe kitu hicho kitakaa nyumba gani katika visiwa hivi, na nani atakayelipa gharama zake mwaka wa pili na mwaka wa kumi.