Tehanu na Dai la Utatu Uliovunjwa

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba Ursula K. Le Guin aliiharibu kazi yake mwenyewe. Kwao, riwaya tatu za kwanza za Earthsea, zilizotolewa kati ya 1968 na 1972, zilikuwa zimekamilika. Tehanu, iliyofuata mwaka 1990, ikaingiza siasa za kijinsia katika ulimwengu usiozihitaji. Makala haya yanaipinga hoja hiyo. Anayezirudia riwaya hizo baada ya miaka mingi atatambua kwamba siasa hizo zilikuwamo tangu awali, ila hazikuhojiwa.

Katika A Wizard of Earthsea, Ged anafunzwa maneno yake ya kwanza ya uchawi na dada wa marehemu mama yake. Baadaye anajiunga na shule ya Roke, isiyopokea wanawake, na mwalimu huyo wa kwanza hana tena nafasi ya maana katika masimulizi. Msimulizi mwenyewe anatueleza kuwa kisiwani Gont uchawi wa wanawake husemwa kuwa dhaifu na mwovu, wala hakuna mhusika anayeukanusha msemo huo. Riwaya hii imesifiwa, na kwa haki, kwa kumfanya shujaa wake kuwa mtu mwenye ngozi ya rangi ya shaba, ilhali wavamizi wa Karg ni weupe. Hata hivyo, sifa hiyo imewapofusha wengi: mapinduzi ya rangi hayakuandamana na mapinduzi ya jinsia.

Aidha, The Tombs of Atuan (1971) inabebwa na Tenar, lakini katika The Farthest Shore (1972) hapewi jukwaa kabisa. Alikwenda wapi? Tehanu inalijibu swali hilo. Tenar ni mjane wa mkulima, analea mtoto aliyechomwa moto. Na mwanawe anaporejea kutoka baharini, shamba alilolitunza mama linakuwa la mwana. Je, haya yamepachikwa kutoka nje? La hasha. Ndiyo maisha ya kawaida katika jamii iliyokwisha kuchorwa mwaka 1968.

Tunakiri kwamba baadhi ya mazungumzo ya Tehanu yanahubiri kuliko yanavyoigiza. Lakini udhaifu mkubwa zaidi umo katika hadithi ya “The Finder”, ndani ya Tales from Earthsea (2001), inayodai kwamba wanawake walikuwa miongoni mwa waasisi wa Roke. Hapo mwandishi anaipa shule hiyo asili safi, na ubaguzi wake unageuka kuwa upotofu wa baadaye tu. Tehanu haikumpa msomaji faraja hiyo.

Kwa hiyo, wanaoulilia utatu “uliovunjwa” wanautetea usomaji wao wa kwanza, si matini. Mhakiki aliyeyapenda maandishi fulani ujanani ana wajibu wa kuyarudia akiuliza ni nani aliyenyamazishwa ili yeye aburudike.