Meli za utalii: masharti ya afya yanapobadilika safari ikiwa imeshaanza

Tangu tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka wa 2025, marekebisho ya kanuni za kimataifa za afya yameanza kutumika katika nchi nyingi za dunia. Kanuni hizo ndizo zinazoeleza ni lini meli inaweza kuzuiwa kuingia bandarini, abiria anapimwa kwa masharti gani, na nani analipa gharama akiwekwa karantini. Marekani, ambayo ni soko kubwa kuliko yote la safari za meli za utalii, ilitangaza mwezi wa saba mwaka huohuo kwamba inayakataa marekebisho hayo. Abiria anayepanda meli huko Miami na kushuka kisiwani katika nchi nyingine anaweza basi kupita, ndani ya juma moja, kutoka maandishi ya zamani hadi maandishi mapya.

Habari hii inaweza kuonekana kuwa ya mbali kwa mkaaji wa Goma, Bukavu au Uvira, ambaye meli anayoijua ni ile inayopeleka watu na mizigo ziwani. Lakini kanuni zinazoongoza bandari ya Miami ndizo zinazoongoza pia mpaka wa Petite Barrière. Na historia ya meli za utalii inaonyesha wazi jambo ambalo watu wa Kivu wamelipitia mara nyingi: ugonjwa unapotokea, masharti hubadilika haraka kuliko msafiri anavyoweza kufika kwake.

Ebola ilipopanda melini

Mfano wa kwanza unagusa ugonjwa ambao Wakongomani wanaujua kuliko watu wengine wote. Mwezi wa kumi mwaka wa 2014, Ebola ilikuwa inaua maelfu ya watu Afrika ya Magharibi, na mgonjwa wa kwanza kutambuliwa ndani ya Marekani alikuwa amefariki katika mji wa Dallas. Mfanyakazi mmoja wa maabara ya hospitali alimotibiwa mgonjwa huyo alipanda meli Carnival Magic, akaenda likizo. Hakuwa na homa wala dalili nyingine yoyote. Hakuwa amemgusa mgonjwa. Alihusika tu na vipimo vyake.

Alipokuwa baharini, kituo cha Marekani cha kuzuia magonjwa, CDC, kikabadilisha masharti ya kuwafuatilia wafanyakazi wa hospitali hiyo. Mtu aliyeondoka nyumbani bila kosa lolote akageuka kuwa mtu wa kuchungwa. Belize ilikataa ashuke ili arudishwe kwa ndege. Kisha meli nzima ikakosa ruhusa ya kutia nanga Cozumel, nchini Mexico. Maelfu ya abiria walirudi Texas bila kufika walikokuwa wamelipia kwenda. Mfanyakazi huyo alipimwa, akakutwa hana Ebola.

Sayansi ilikuwa inajulikana wakati huo, na madaktari wa Kongo wangeweza kuieleza bila shida, kwa sababu Ebola ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Yambuku, katika nchi hii, mwaka wa 1976. Mtu asiye na dalili haambukizi Ebola. Uamuzi wa bandari zile mbili haukutokana na hatari iliyokuwepo melini. Ulitokana na hofu ya viongozi kuonekana mbele ya raia wao kuwa wameruhusu ugonjwa kuingia.

Mwaka wa 2020: bendera moja, kampuni nyingine, bandari ya tatu

Miaka sita baadaye hali ilikuwa kinyume: hatari ilikuwa ya kweli, na sheria hazikuwa tayari. Tarehe 1 mwezi wa pili 2020, ilithibitishwa kwamba abiria aliyekuwa ameshuka Hong Kong kutoka meli Diamond Princess alikuwa na virusi vya korona. Meli ilipofika Yokohama, Japan, watu 3711 walizuiwa ndani yake. Walioambukizwa walifikia 712, na zaidi ya kumi walifariki.

Hapo likatokea swali ambalo wengi hawakuwa wamelifikiria: nani mwenye mamlaka juu ya meli? Bendera ilikuwa ya Uingereza. Kampuni ilikuwa ya Marekani. Bandari ilikuwa ya Japan. Abiria walitoka nchi nyingi, na kila serikali ilikuja na masharti yake ya kuwachukua watu wake. Abiria walifungiwa vyumbani, lakini wafanyakazi zaidi ya 1000 waliendelea kupika, kugawa chakula na kulala pamoja katika vyumba vidogo. Karantini iliyowekwa ili kuzuia ugonjwa usitoke nje ya meli haikuwalinda sawasawa waliokuwa ndani.

Siku hizohizo meli nyingine, Westerdam, ilikuwa inatangatanga baharini na watu zaidi ya 2000. Ufilipino, Taiwan, Japan, kisiwa cha Guam na Thailand ziliikataa, ingawa hapakuwa na mgonjwa aliyethibitishwa ndani yake. Hatimaye Kambodia, nchi maskini kuliko karibu zote zilizoikataa, ndiyo iliyoifungulia bandari ya Sihanoukville.

Mamlaka zinapovutana

Mtu anaweza kudhani kwamba mkanganyiko huo ulikuwa wa siku za mwanzo tu. Ya Marekani yaliyofuata yanaonyesha vingine. Tarehe 14 mwezi wa tatu 2020, CDC ilipiga marufuku safari za meli za utalii. Mwezi wa kumi mwaka huo, marufuku hayo yakabadilishwa kuwa ruhusa yenye masharti: kampuni ilipaswa kuonyesha kwamba inaweza kupima watu, kuwatenga wagonjwa, na hata kufanya safari ya majaribio kabla ya kuuza tiketi. Kampuni iliyohakikisha kwamba asilimia 95 ya abiria na ya wafanyakazi wake wamechanjwa iliweza kusamehewa majaribio hayo.

Jimbo la Florida, lenye bandari kubwa za meli hizo, likatunga sheria iliyokataza kampuni kumdai mteja cheti cha chanjo. Serikali ya taifa ilisukuma chanjo. Serikali ya jimbo ilitishia kutoza faini kampuni itakayoiulizia. Florida ikaishitaki serikali kuu, na mwezi wa sita 2021 hakimu akaipa haki. Kampuni moja kubwa nayo ikaishitaki Florida, ikashinda kwanza, kisha ikashindwa katika rufaa mwaka uliofuata. Tangu katikati ya mwezi wa kwanza 2022 masharti ya CDC yakawa ya hiari, na mwezi wa saba mwaka huo mpango wote ukafungwa.

Katika muda wa miaka miwili na miezi michache, abiria aliyenunua tiketi mapema angeweza kukuta safari imefutwa, kisha imeruhusiwa kwa chanjo, kisha bila cheti, kisha kwa kipimo peke yake. Virusi vilibadilika, ndiyo. Lakini mabadiliko mengi kati ya hayo yaliletwa na mahakama, uchaguzi na hesabu za biashara.

Kanuni zinasema nini

Kanuni za kimataifa za afya, zilizopitishwa mwaka wa 2005 chini ya Shirika la afya duniani, OMS, zilijaribu kuzuia mambo ya namna hiyo. Kifungu cha 28 kinasema meli isizuiwe kuingia bandarini kwa sababu za afya. Kama bandari haina vifaa vya kupokea wagonjwa, meli inaweza kuelekezwa kwenye bandari ya karibu inayofaa. Kifungu cha 43 kinairuhusu nchi kuchukua hatua kali zaidi, lakini lazima iwe na msingi wa kisayansi, na iijulishe OMS ndani ya saa 48. Kifungu cha 40 kinasema msafiri asitozwe pesa kwa kupimwa au kutengwa kwa ajili ya kulinda afya ya umma, isipokuwa yule anayeomba ukaazi.

Udhaifu unajulikana: OMS haina polisi wala mahakama. Nchi inayovunja kanuni hizo haiadhibiwi. Mwaka wa 2021 Uingereza iliweka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kwenye orodha yake nyekundu, na msafiri aliyeruhusiwa kurudi kutoka huku alitozwa pauni 1750 kwa siku kumi za karantini hotelini. Kwa Mkongomani anayeishi London na aliyekuja kuzika mzazi wake, kifungu cha 40 hakikupunguza hata pauni moja.

Marekebisho yaliyoanza 2025 yanaongeza ngazi mpya ya tahadhari, dharura ya janga la dunia, na yanakubali vyeti vya afya vya karatasi na vya kidijitali vilevile. Hilo la pili ni muhimu kwa nchi kama yetu, ambako cheti cha karatasi ndicho ambacho wengi wanacho. Lakini hayakuipa OMS nguvu ya kulazimisha nchi kufunga au kufungua mipaka.

Wakati huohuo ukaguzi wenyewe unatikisika. Marekani ina mpango wa kukagua usafi wa meli za utalii bila kutoa taarifa: meli inapewa alama juu ya 100, na inayopata 85 au chini yake inahesabiwa imeshindwa. Meli lazima itangaze pale asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi wanapougua kuhara, ambako mara nyingi kunaletwa na kirusi cha noro. Katika upunguzaji wa wafanyakazi wa serikali uliofanywa mwezi wa nne 2025, mpango huo nao ulipoteza watu.

Msafiri wa Kivu na kadi yake ya njano

Kwa Mkongomani anayesafiri kwa meli, iwe ni mkimbizi wa zamani aliyepata uraia Marekani, iwe ni mfanyabiashara wa Bukavu anayevuka kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, sharti moja limebaki imara: chanjo ya homa ya manjano. Ndiyo chanjo pekee iliyotajwa kwa jina katika kanuni hizo kuwa inaweza kudaiwa kwa msafiri. Tanzania na Kenya zinaidai kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na Congo imo. Tangu mwezi wa saba 2016, chanjo moja inatosha kwa maisha yote. Afisa anayesema kadi ya miaka kumi na mbili iliyopita imekwisha muda, na anayeomba pesa ili aifumbie macho, hana sheria nyuma yake.

Mengine yote yanapaswa kuangaliwa mara tatu: wakati wa kununua tiketi, juma moja kabla ya kuondoka, na siku ya kuondoka. Swali la maana si moja bali ni manne. Kampuni inadai nini? Bandari ya kuondokea inadai nini? Kila bandari ya njiani inadai nini kwa mwenye pasipoti ya Congo, au kwa mtu aliyekuwa Congo siku 21 zilizopita? Na nchi ya kurudia inadai nini? Mikataba ya tiketi kwa kawaida humpa nahodha haki ya kubadilisha njia au kuruka bandari, na bima isiyotaja karantini hailipi karantini. Anayesoma hayo kabla ya kulipa ana nafasi ya kuuliza. Anayeyasoma baharini amekwisha kuchelewa.

Somo ambalo Goma ililitoa

Tarehe 14 mwezi wa saba 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa mjini Goma. Siku tatu baadaye OMS ilitangaza dharura ya kimataifa na kuomba nchi zisifunge mipaka. Tarehe 1 mwezi wa nane, upande wa Rwanda mpaka ulifungwa, kisha ukafunguliwa siku hiyohiyo. Kwa muda wote uliobaki, watu walipita Petite Barrière na bandari za ziwa wakinawa mikono na kupimwa joto. Ebola haikugeuka mlipuko mkubwa ndani ya Goma, mji wenye watu wengi na wasafiri wengi kila siku.

Njia hiyo haikuwa kamili. Foleni zilikuwa ndefu, na wauza mboga walipoteza masaa. Lakini kila mtu alijua kinachodaiwa: maji, klorini, kipimo cha joto, na kwenda kando kama una homa. Sharti lilikuwa lilelile asubuhi na jioni, na lilihusiana na jinsi ugonjwa unavyoambukiza. Bandari tajiri zilizokataa Carnival Magic na Westerdam hazikufanya hivyo.

Mwezi wa tisa 2025, Ebola ilitangazwa tena Bulape, katika Kasai, tarehe 4. Kesho yake, OMS ilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa ya mpox, ugonjwa ulioipiga Kivu kwa nguvu. Dharura moja ilikuwa inafungwa wakati mlipuko mwingine unafunguliwa, na kila badiliko la namna hiyo linaweza kumfikia Mkongomani aliye safarini, kwenye dirisha la afisa wa uhamiaji. Kanuni mpya zitapimwa hapo: kama afisa huyo atamuuliza abiria ana dalili gani, au atasoma tu jina la nchi kwenye pasipoti.