Maziwa ya mchuuzi na kazi ya serikali

Mama mmoja alinijia kliniki baada ya kuugua homa iliyompanda kila jioni kwa wiki tatu. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za malaria mara mbili, zote amejinunulia dukani. Viungo vilimuuma na usiku alitokwa na jasho la kulowesha shuka. Tulipompima damu tulikuta ni bruselosi, ugonjwa ambao watu wa mjini huupata hasa kwa kunywa maziwa mabichi. "Daktari," akaniambia, "maziwa nanunua kwa kijana wa baiskeli. Mbona serikali haiwafukuzi watu hawa?"

Huenda nawe, msomaji, ungeuliza vivyo hivyo. Mimi sikukubaliana naye.

Kabla ya 1992 bei ya maziwa nchini ilipangwa na serikali, na katika miji mikubwa mwenye ruhusa ya kuyauza alikuwa KCC. Soko lilipofunguliwa mwaka huo, wachuuzi wakajaa. Mkulima akaanza kulipwa pesa taslimu, na mkazi wa mtaa wa mabanda ambaye hawezi kununua pakiti akaweza kupimiwa kikombe kimoja cha mtoto. Kwa daktari hilo si jambo dogo, maana mtoto anayepata maziwa hukua.

Kwa miaka mingi wakuu walimkimbiza mchuuzi huyo na kumwaga maziwa yake. Matokeo yake ni nini? Anayejificha hauzi kwa mkebe wa alumini unaong'aa. Hubeba mtungi wa plastiki ambao mkono hauingii kuusugua. Huamka usiku kukwepa askari. Baada ya 2004 sera ilianza kubadilika, wachuuzi wakafundishwa usafi na kupewa leseni, na kwa maoni yangu hilo lilisaidia kuliko rungu.

Tena vijidudu vya bruselosi, na vile vya kifua kikuu cha ng'ombe, hufa maziwa yakichemshwa. Nilipomdadisi mama yule niligundua kwamba chai huipika vizuri kabisa. Shida ilikuwa maziwa lala, ambayo aliyagandisha yakiwa mabichi. Ukali wa maziwa yaliyoganda si dawa ya kutegemewa. Chemsha kwanza, yapoe, kisha ndipo uyagandishe.

Hapa basi watetezi wa soko huru wana haki. Ninaye rafiki mfanyabiashara ambaye hunikumbusha kila tukikutana kwamba mnunuzi ndiye mkaguzi bora, kwa kuwa muuzaji mbaya hupoteza wateja. Kwa maziwa yaliyotiwa maji, ni kweli. Ulimi unajua, na kesho yake unanunua kwa mwingine. (Rafiki yangu huyo, nitaje tu, hununua ya pakiti.)

Lakini kuna mambo ambayo ulimi haujui. Ng'ombe akiugua kiwele hudungwa dawa za kuua vijidudu, na maziwa yake hupaswa kumwagwa kwa siku kadhaa. Mkulima mwenye karo ya kulipa atayamwaga? Wengine huyauza. Dawa hizo haziishi kwa kuchemshwa. Mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini anaweza kudhurika, na sisi wengine tunavizoesha vijidudu dawa tutakazozihitaji siku moja.

Halafu kuna aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi yasiyokauka vyema. Mahindi yaliyooza hayatupwi. Hupewa ng'ombe, na sehemu ya sumu hiyo hutokea kwenye maziwa. Moto wa jiko hauiondoi. Inapoingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Sasa niambie, msomaji, mgonjwa wa ini atamwadhibu muuzaji yupi, naye amenunua kwa watu mia katika miaka ishirini?

Ikiwa nyingi huua papo hapo. Mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi yale yalikuwa yamekuzwa huku huku kwetu. Kwa hiyo Machi 2021, serikali ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii, kisha ikalegeza marufuku siku chache baadaye, nilijiuliza kama kuvu nalo hubeba pasipoti. Kiwango chetu ni sehemu 10 katika bilioni. Gunia lolote lipimwe kwa kiwango hicho, liwe limetoka Busia, Namanga au Kitui, na likipita liuzwe kwa bei yoyote sokoni.

Ningependa kumwona mkaguzi kwenye kinu cha unga, kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo na pale maziwa yanapokusanywa, akiwa na vifaa vya kupimia. Leo hii askari wa kumkamata kijana wa baiskeli hupatikana haraka kuliko huyo mkaguzi.

Mama yule alimaliza wiki sita za dawa na homa ikamwisha. Bado hununua kwa kijana yule yule, naye huchemsha hadi maziwa yafure. Aliporudi mara ya mwisho aliniuliza kama kuchemsha huondoa pia dawa za ng'ombe. Nikamwambia hapana.