Sheria Moja, Mfuko Mmoja

Mataifa yanapoamua kwa umoja kuwatwika watu wao mzigo, hayana budi kugawana kwa umoja gharama ya kuubeba. Hilo ndilo neno ninalotaka kulitetea mbele yako, msomaji. Ushahidi wangu nautoa Ulaya, kwa kuwa huko mataifa 27 yamekwisha kujifunga kwa sheria moja, lakini hayajakubaliana bado juu ya ukubwa wa mfuko wa kuwasaidia wale watakaoumizwa na sheria hiyo.

Kwanza tuijue sheria yenyewe. Mwaka wa 2021 Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kufikia mwaka wa 2030 gesi zinazoitia dunia joto zipunguzwe kwa asilimia 55 kutoka kiwango cha mwaka wa 1990, na kufikia mwaka wa 2050 nchi hizo zisitoe gesi zaidi ya kiasi kinachoweza kuondolewa hewani. Nia hiyo ni njema. Sisi wa Afrika ya Mashariki, tunaoujua ukame na mafuriko kwa kuyaona, tuna kila sababu ya kuitaka itimie. Walakini nia njema haijazi chungu cha mtu. Kufunga shimo la makaa ya mawe ni kumfungia mchimbaji riziki yake, na pamoja naye mwenye duka aliyemwuzia mkate, na fundi aliyemshonea nguo. Basi, nani alipe?

Wako wasemao, “Kila nchi na iwalipie watu wake.” Neno hili lina sura ya haki, ila ndani yake mna dhuluma. Ujerumani, iliyo tajiri, ilipitisha sheria mwaka wa 2020 ya kutenga hadi euro bilioni 40 kwa ajili ya mikoa yake ya makaa, mpaka mwaka wa 2038. Imefanya vyema, na hapana wa kuilaumu. Lakini mchimbaji wa bonde la Jiu katika Romania, au wa mkoa wa Stara Zagora katika Bulgaria, atamwendea nani? Serikali yake haina hazina kama ya Berlin. Sheria inayomfungia kazi ni ile ile inayomfungia Mjerumani. Mkono unaomwinua ndio usio sawa. Sheria ikiwa moja na msaada ukawa mbali mbali, maskini huadhibiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kupoteza kazi, mara ya pili kwa kuzaliwa upande usio na mali.

Ni kweli kwamba mfuko wa pamoja wa kuisaidia mikoa hiyo uliundwa. Lakini hebu utazame ulivyoundwa. Mwezi wa Mei mwaka wa 2020 Tume ya Ulaya ilipendekeza mfuko huo uwe wa euro bilioni 40. Mwezi wa Julai wakuu wa serikali walikutana Brussels, wakashindana siku nne, mchana na usiku. Walipotoka, bilioni 40 zilikuwa zimekatwa zikabaki bilioni 17.5, kwa thamani ya fedha ya mwaka wa 2018. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Fedha hizo ni za miaka saba, nazo zile za Ujerumani ni za miaka kama kumi na minane. Hata hivyo, ukigawanya kwa miaka utaona kwamba mataifa yote 27 yamewekewa kwa mwaka kiasi kisichozidi sana kile ambacho taifa moja limejiwekea peke yake. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka ule wakuu wa Ulaya waliuonyesha ukweli wa methali hiyo.

Pengine utaniambia kwamba haki ni jambo la huruma, na kwamba kazi ya kuiokoa dunia haiwezi kuingojea huruma. Nakujibu kwamba pasipo haki kazi hiyo haisimami. Tarehe 17 Novemba 2018 maelfu na maelfu ya watu walijitokeza katika barabara za Ufaransa wakiwa wamevaa vizibao vya manjano. Serikali ilikuwa imekusudia kuongeza kodi ya mafuta ya magari, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuilinda hali ya hewa. Mtu wa Paris ana gari moshi lipitalo chini ya ardhi. Mtu wa kijijini hana njia ya kufika kazini ila kwa gari lake. Kodi ilikuwa moja, lakini uchungu wake haukuwa mmoja. Kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeliacha ongezeko lile. Watu wale hawakuwa maadui wa miti na mito. Walichokikataa ni kuwa wa kwanza katika kulipa na wa mwisho katika kuulizwa. Kwa hiyo aliye mpenzi wa dunia na adui wa haki anaubomoa kwa mkono wa kushoto ukuta anaoujenga kwa mkono wa kuume.

Lazima tukiri kwamba somo lile halikupotea lote. Mwaka wa 2023 Umoja wa Ulaya ulikubali kwamba mafuta ya magari na ya kupashia nyumba moto nayo yatozwe bei kwa ajili ya gesi zake; na papo hapo ukaanzisha mfuko wa hadi euro bilioni 65, wa miaka ya 2026 hadi 2032, wa kuzisaidia jamaa zenye dhiki zitengeneze nyumba zisizopoteza joto na zipate njia nafuu za kusafiri. Fedha zenyewe hutoka katika mauzo ya vibali vya kutoa gesi. Hapa msaada umewekwa utangulie tozo, na mwenye kuichafua hewa ndiye anayemfaa mwenye kuumia. Hiyo ndiyo njia ninayoitetea.

Sasa tuwasikilize wapinzani, maana si haki kumshinda mtu asiyepewa nafasi ya kusema. Wa kwanza husema kwamba mfuko wa pamoja huwalisha wavivu kwa jasho la wenye bidii. Huyu amesahau soko. Kiwanda cha Ujerumani au cha Uholanzi huuza bidhaa zake katika Poland na Romania bila ya kutozwa ushuru mpakani, na faida hurudi kwa wenye kiwanda. Anayeila faida ya soko la pamoja hawezi kuitwa mtoa sadaka anapochangia matengenezo ya soko hilo. Na mchango wenyewe ni mdogo: katika kila euro 100 za pato la mataifa hayo, bajeti ya pamoja huchukua kiasi cha euro moja tu, hali serikali za nchi zenyewe hutumia karibu nusu.

Wa pili husema kwamba fedha za wengi huliwa na wachache. Hofu hii ina msingi, lakini dawa ya wizi ni ulinzi. Anayeogopa panya hachomi ghala. Umoja wa Ulaya una Mahakama yake ya Ukaguzi katika Luxembourg, na mwezi wa Desemba mwaka wa 2022 serikali za Umoja huo zilizuia euro bilioni 6.3 zilizokusudiwa Hungaria kwa sababu ya mashaka juu ya utawala wa sheria. Mfuko wa pamoja una macho mengi kuliko mfuko wa mmoja.

Wa tatu husema kwamba jambo hili ni geni. Kinyume chake, ni la zamani kuliko Umoja wenyewe. Mwaka wa 1951 mataifa sita yalitia sahihi katika Paris mkataba wa makaa ya mawe na chuma. Viwanda na machimbo vilitozwa sehemu ndogo ya mapato yao, na katika fedha hizo wafanyakazi walioachishwa walifundishwa kazi nyingine, na wengine walijengewa nyumba. Mfuko uliomsaidia mchimbaji ndio ulioutangulia Umoja; basi leo itakuwaje Umoja umsahau mchimbaji?

Nasi huku tumeyaonja haya. Mwaka wa 1961, Kenya, Uganda na Tanganyika zilipokuwa na soko moja, uliwekwa mfuko wa kugawana sehemu ya ushuru na ya kodi ya makampuni, kwa kuwa ilionekana kwamba viwanda na faida vilimiminikia zaidi Kenya. Mfuko ule ulikuwa mdogo, na malalamiko hayakwisha. Jumuiya iliyoundwa mwaka wa 1967 ilivunjika mwaka wa 1977, na miongoni mwa sababu nyingi za kuvunjika kwake, moja ilikuwa manung'uniko hayo ya mgawanyo. Mkataba wa Jumuiya mpya, wa mwaka wa 1999, uliweka kanuni kwamba nchi zote zitoe michango iliyo sawa. Jiulize, msomaji: je, kuwatoza kiasi kimoja mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi watatu ni usawa, au ni jina la usawa tu?

Turudi Ulaya, maana hukumu bado haijatolewa. Mwezi wa Julai mwaka wa 2025 Tume ilitoa pendekezo la bajeti ya miaka ya 2028 hadi 2034, jumla yake karibu euro trilioni 2. Nayo haiwezi kupita mpaka serikali zote 27 zikubali. Katika pendekezo hilo mfuko wa mikoa ya makaa hausimami tena peke yake, bali umechanganywa na mingine katika mpango wa kila nchi. Nasema hilo ni kosa. Fungu lisilo na jina halina mtetezi. Siku ya njaa ndilo huliwa kwanza. Fungu la mchimbaji na libaki na jina lake, lirudishiwe kile kilichokatwa mwaka wa 2020, na msaada ufike mlangoni kabla ya kodi.

Nawe utakaposoma kwamba nchi fulani zimepatana kuiokoa dunia, usitosheke kuuliza zimeandika sheria gani. Uliza zimetia nini mfukoni, na nani aliyetangulia kupewa. Sheria isiyo na mfuko humfunga mnyonge peke yake. Mwenye nguvu huwa amekwisha kujinunulia njia.